Kahuzi kwa miguu, nyuma ya ndege wa kijani

Jumatatu. Bukavu, Miti, Tshivanga

Tumetoka Nyawera jua halijachomoza, pikipiki mbili: mdogo wangu mbele na mabegi, mimi nyuma na darubini nimeifunga ndani ya kitenge. Kwenye vizuizi vya barabarani darubini huzua maswali mengi kuliko mtu asiye na kitambulisho. Ni Julai 2024, kiangazi kimekaza, na malori yaliyokuwa mbele yetu yametupaka vumbi hadi kope.

Mudaka tulisimama kunywa chai na mikate ya moto. Mama aliyekuwa akikaanga alituuliza kama tunakwenda kuona gorila, kama kila mtu anayepanda njia hii akiwa na viatu vya mpira.

"Hapana, mama. Tunaenda kuangalia ndege."

"Ndege gani?"

Nikamweleza: wa kijani, mdogo, anaingia ndani ya ngumi, mdomo mpana, koo la buluu hafifu. Anakaa juu kabisa ya miti ya mlimani.

"Na mutamukula?"

"Hatumli, mama."

"Basi ile haiko ndege. Miye ndege nayemuota usiku ni jogoo. Uliza bei yake hapa sokoni, utalia."

Mdogo wangu alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nililiandika jibu lake kwenye daftari, kwa sababu swali hilo ndilo lililotutoa nyumbani. Wapenda ndege wakikaa pamoja hawachelewi kuulizana: ukipewa ndege mmoja tu duniani ambaye hujamwona, umchague nani? Majibu nimeyasikia hadi nimeyazoea. Wengine watakwambia quetzal wa Amerika ya Kati mwenye mkia wa kijani unaoning'inia kama utepe. Wengine tai wa Ufilipino, au ndege wa peponi wa Papua Guinea Mpya. Kwa Afrika jibu ni lile lile, domo-kiatu, yule korongo wa kijivu anayesimama kwenye matete bila kutikisika akimsubiri kamongo, na domo lake kubwa kama kiatu cha mbao. Sina ugomvi na domo-kiatu. Ila mtu wa Bukavu akiota ndege wa mbali ilhali milima hii iko nyuma ya nyumba yake, naona kuna jambo haliko sawa.

Wangu ni domo-pana wa Grauer. Mwaustria Rudolf Grauer alimpata mwaka 1908 katika milima ya upande huu wetu, na mwaka uliofuata Walter Rothschild, Mwingereza tajiri aliyekusanya ndege kama wengine wanavyokusanya stempu, akamwandika kwenye vitabu vya sayansi: Pseudocalyptomena graueri. Ndugu zake wa karibu wako Asia. Humu barani hana jamaa mwingine wa ukoo wake. Alifikaje kwenye milima ya Kivu, akabaki peke yake, hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko rangi zake.

Miti tuliiacha barabara ya Kavumu tukapanda kushoto. Mashamba ya chai, mashamba ya kwinini, mihogo, kisha msitu unaanza ghafla kama ukuta. Tshivanga, lango la parki ya Kahuzi-Biega, ni baridi. Mdogo wangu, ambaye alicheka sweta yangu asubuhi, jioni ameiomba.

Jumanne. Njia ya Walikale

Leo tumepewa askari mmoja wa parki mwenye bunduki, na mzee pisteri. Askari ni kijana mpole anayetafuna miwa. Mzee ni Mtwa. Wazazi wake walitolewa humu msituni miaka ya 1970, parki ilipoundwa, bila fidia, na yeye akarudi kwa mlango wa kazi: kufuata nyayo za gorila kwa ajili ya watalii. Alilisema hilo mara moja, tulipopita mahali anaposema palikuwa na moto wa babu yake, kisha akaendelea kutembea.

Barabara kuu ya kwenda Walikale hadi Kisangani inapita katikati ya parki, na kwa mtu wa ndege hiyo ni bahati. Ukisimama ukingoni unaona vilele vya miti usawa wa macho, upande wa bonde. Saa moja na nusu likatupitia kundi la ndege mchanganyiko: vidogo vya njano, vya kijivu, batis wa Rwenzori na mstari wake mweusi kifuani, gogota mmoja akigonga nyuma yao. Ndege wa aina nyingi wakitembea pamoja hivi, kila mmoja anakula chake, na macho mengi huona kipanga mapema. Domo-pana huwa anajiunga na misafara ya aina hii, kwa hiyo nilikuwa narusha darubini huku na huku kama mtu anayefukuza nzi.

"Mama Mwalimu," mzee akasema, "macho yako inakimbia sana. Weka masikio mbele."

Nikaishusha darubini. Kweli, upande wa kulia, chini ya bonde, kulikuwa na sauti niliyokuwa nimeipuuza, kama mtu anayekohoa na kucheka kwa pamoja. Mzee akaonyesha kwa kidevu. Shorobo wa Rwenzori alikuwa akikimbia juu ya tawi lenye kuvu, ndiyo, akikimbia, kama panya buku. Kichwa cha kijani na buluu, kisogo chekundu, mwili unaobadilika rangi kila anapogeuka. Alisimama ukingo wa tawi, akajitupa, na mabawa yakafunguka mekundu, wekundu wa damu ambao hauonekani kabisa akiwa ametulia.

Wekundu huo si wa kawaida. Ndege wengi wenye rangi nyekundu huipata kwenye matunda na wadudu wanaokula, lakini shorobo hutengeneza rangi yake mwenyewe kwa madini ya shaba, na katika ndege wote duniani ni ukoo wa shorobo tu wenye rangi hiyo. Hata kijani chake kina shaba. Ukiloweka unyoya wake mwekundu kwenye maji ya sabuni, maji yanaanza kuwa ya waridi. Nilimweleza askari. Akafikiri kidogo, akasema basi ndugu zetu wa Lubumbashi, wachimba shaba, wasisikie, watakuja na mashine kuwachimba.

Domo-pana: hapana.

Jumatano. Kinamasi cha Musisi

Siku ya matope. Kinamasi cha Musisi kiko juu, kati ya vilima, na ndani yake anaishi ndege mwingine wa Grauer, Bradypterus graueri. Huyu hana uzuri wa kumpigia mtu picha. Ni kahawia mgongoni, ana michirizi kooni, na maisha yake yote yako magotini mwa mtu, ndani ya matete. Lakini sauti! Alianza mmoja, akajibiwa upande wa pili, kisha kinamasi kizima kikawa kinabishana. Tulisimama karibu saa nzima maji yakiingia kwenye viatu, nikaona mkia, nikaona nusu ya kichwa, basi. Wapo wanaopanda ndege kutoka Ulaya kwa ajili ya nusu ya kichwa hicho, kwa sababu hayuko popote duniani isipokuwa kwenye vinamasi vya milima hii yetu na ya majirani, Rwanda, Burundi na Uganda, na vinamasi kila mwaka vinakauka kuwa mashamba ya viazi.

Jina la Grauer hapa linachosha. Hata gorila wa Kahuzi ni wake kwenye vitabu, Gorilla beringei graueri. Mzee alipolisikia kwa mara ya tatu aliuliza: "Huyu baba alikuwa na shamba kubwa, eh?"

Usiku, kando ya moto, bugali na sombe, mzee akanisimulia ya Itebero. Parki hii ina sehemu mbili, ya juu ambako tuko sisi, na ile ya chini, kubwa zaidi, msitu wa joto unaoshuka kwenda bonde la Kongo. Aliwahi kufanya kazi kule chini akiwa kijana. Kule, anasema, usiku dume na jike wanaitana, mmoja anaanza na mwingine anamalizia, muda mrefu, kama watu wa nyumba moja wanaogombana kwa adabu. Alikuwa anamzungumzia tausi wa Kongo. Ameshamsikia mara nyingi. Ameshamla pia, na hakuona haya kusema.

Nikamwambia jinsi wenye elimu walivyomchelewa. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin aliona unyoya kwenye kofia ya mtu huko Avakubi, Ituri. Alijua manyoya ya ndege wa msitu ule, huo hakuutambua, akautunza. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa, wameandikwa kuwa ni tausi wa India wachanga, na manyoya ya jike yalikuwa yale yale ya Avakubi. Mwaka uliofuata alirudi Kongo na kumpata akiwa hai. Tausi pekee wa kweli wa Afrika, leo ndege wa taifa letu, alikuwa ameshaliwa kwa sombe vizazi na vizazi kabla ya kabati hilo kufunguliwa.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kofia ile," akauliza, "mwenyewe walimulipa?"

Alhamisi. Mlima Kahuzi

Saa kumi na moja alfajiri tuko njiani. Kahuzi una mita 3,308, ni volkano iliyozimika, na kupanda ni kazi ya siku nzima kwa miguu ya mwalimu. Nitaandika polepole, kwa sababu leo ndiyo siku niliyoijia hata kama sikujua.

Saa mbili za kwanza ni msitu mzito. Hondohondo wawili walipita juu, mabawa yao yanasikika kama mtu anayepangusa meza kwa nguvu. Mzee alionyesha mavi ya tembo ya zamani sana, yameota uyoga. Tembo wa sehemu hii ya juu waliuawa karibu wote katika vita vya miaka ya 1990, na hilo linaonekana hata kwa macho: njia zao zimejifunga kwa mimea, tunapita tukikata.

Kisha mianzi. Hapa kelele zinakatika, kila kitu ni fito, unyevu na mwanga wa kijani. Mdogo wangu aliteleza mara nyingi hadi akaacha kujifuta. Kwale wa mlimani wakaruka karibu na miguu yetu, jozi moja, rangi ya matofali, wakazama tena kabla sijapata pumzi ya kusema neno. Huyo naye ni ndege wa milima hii tu. Unamwandika, unaendelea.

Mianzi ilipoisha tukatokea kwenye upepo. Vichaka vya erika vyenye ndevu za kuvu, lobelia zimesimama wima, na chini kabisa, mbali, ziwa Kivu likiwa na rangi ya bati. Askari alikaa kwenye jiwe akatoa muwa wake. Mimi nilikuwa na maumivu ya magoti na hasira kidogo.

Chozi mmoja, ndege mdogo anyonyaye maua, aliingia kwenye kichaka cha maua hatua tatu kutoka kwangu. Darubini haikuwa na kazi, alikuwa karibu mno. Kichwa na koo vilikuwa vya kijani kinachong'aa kama mgongo wa mbawakawa. Chini ya koo, kifua chekundu kipana. Nilitazama ubavuni kwanza, kwa sababu huko chini msituni tumeona chozi wa kifalme kila siku na yeye ana njano ubavuni. Huyu hakuwa na njano. Mdomo mrefu, umepinda, ukiingia kwenye ua na kutoka, ua na kutoka. Niliona chavua ya manjano imemganda kwenye paji la uso. Niliona pia kwamba unyoya mmoja wa mkia umevunjika. Akageuka, akanitazama kwa jicho moja, akaona sina maua, akaenda zake.

Cinnyris rockefelleri. Chozi wa Rockefeller. Hayuko kokote ila kwenye vilele vichache vya mashariki mwa Kongo na ukingo wake. Yuko kwenye orodha ya ndoto za watu waliozunguka dunia nzima, watu wenye ndege 8,000 kwenye madaftari yao kati ya takriban 11,000 waliopo.

Na kisa chake ndicho kilichonifanya nicheke peke yangu juu ya mlima. Mwaka 1928 vijana wawili wa Marekani, John Sterling Rockefeller, wa ukoo ule wa mafuta, na mwenzake Charles Murphy, walikuja Afrika kukusanya ndege kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Waliyekuwa wakimtaka hasa ni mmoja: domo-pana wa Grauer, ambaye tangu Grauer mwenyewe hakuna mtaalamu mwingine aliyekuwa amemwona. Walimpata mwaka 1929, kwenye milima ya kaskazini-magharibi mwa ziwa Tanganyika. Ndoto yao ilitimia. Ila jina la Grauer lilikuwa limeshakaa pale, haling'oki. Kwa hiyo Chapin, yule yule wa tausi, alipoandika mwaka 1932 juu ya chozi mpya wa milima hii, akampa chozi huyo jina la Rockefeller. Kijana aliyevuka bahari kwa ajili ya domo-pana akabaki kwenye vitabu kama chozi.

Mimi nimepanda kwa ajili ya domo-pana, nikapewa Rockefeller. Afadhali yeye alipata wote wawili.

Kushuka sikuandiki. Magoti.

Ijumaa. Tshivanga

Ukungu hadi saa nne. Baadaye tukarudi kwenye bonde la Jumanne, chini ya mtini wenye matunda, tukakaa. Tulipata shorobo mkubwa wa buluu, njiwa, tumbili, mvua ndogo isiyo ya msimu. Kijani cha aina zote isipokuwa kile.

Kwa kuwa sina cha kuandika juu ya ndege, niandike ninachofikiri. Domo-pana wa Grauer yuko pia Uganda. Alionekana kule Bwindi kwa mara ya kwanza mwaka 1967, na siku hizi wageni wanapelekwa kumwona kwenye njia ya kinamasi cha Mubwindi, karibu na Ruhija. Wanatembea asubuhi, wakibahatika wanampiga picha, jioni wanakunywa soda hotelini. Ndege ni yule yule, koo ni lile lile. Lakini ukisikiliza watu wanaoyajua mambo haya, ndoto yao haiko Bwindi tena. Wameshahamia kwa ndege ambao wako Kongo tu: bundi wa Itombwe, msitu wa milimani kusini mwetu, aliyepatikana mara moja mwaka 1951 na kushikwa tena mwaka 1996. Kirukanjia wa Itombwe, ambaye sayansi ina mwili wake mmoja tu, wa mwaka 1955. Kwenye vitabu vya sayansi wote wawili wana jina la Alexandre Prigogine, Mbelgiji aliyefanya kazi ya migodi huko Kamituga.

Kwa hiyo ile orodha ya ndege wanaootwa, ukiigeuza ubavuni, ni orodha ya barabara zilizokatika na vita. Domo-pana alikuwa ndoto kubwa mpaka Uganda ilipotengeneza njia ya kumfikia. Bundi wa Itombwe sidhani kama anajiona adimu. Anaishi kwenye msitu ambao mtu mwenye akili timamu anauliza kwanza nani anaushika wiki hii. Sisemi haya kwa uchungu, nasema kwa sababu nimewasikia wageni wakiizungumzia Itombwe kwa sauti ya kimahaba, "msitu uliofichika". Haujafichika. Watu wanaishi kule, wanalima, wanazaa, wanatoka kwenda soko la Mwenga.

Nilimsomea mdogo wangu, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa. Akasema, "Yaya, umekasirika kwa sababu hujamwona."

Pengine.

Jumamosi. Lwiro

Mzee alituaga kizuizini. Nilikuwa nimesahau kumuuliza swali langu, nikamuuliza pale pale: katika ndege wote, ni yupi angetaka kumwona? Nilidhani atasema tausi. Akasema kasuku.

Kule Itebero, enzi zake, asubuhi walikuwa wanapita juu ya mto makundi kwa makundi, kelele mpaka mtu hasikii mwenzake. Hakuna aliyewatazama, kama mtu asivyotazama mbuzi wa jirani. Kisha wakaja wanunuzi. Watu wakapaka ulimbo kwenye matawi, wakamfunga kasuku mmoja awe wa kuwaitia wengine, wakajaza masanduku. Wengi walikufa kabla ya kufika kiwanja cha ndege. "Niliona hata mimi," mzee akasema, "nikabeba masanduku. Walilipa vizuri." Biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ilikatazwa kwa uamuzi wa mwaka 2016. Mzee hakuwa na habari, na haikumshangaza kwamba uamuzi ulifika baada ya ndege kwisha.

Lwiro tulifika mchana kupitia Kavumu na Katana. Kama hujafika, ni majengo makubwa ya mawe na matofali ya wakati wa Wabelgiji, yamekaa kwenye bustani kama yanamsubiri mgeni rasmi. Kituo kilianzishwa mwaka 1947 na leo ni kituo cha utafiti cha taifa. Nilionyeshwa droo za ndege waliokaushwa. Chozi wamelazwa chali kwa mistari, pamba nyeupe mahali pa macho, kila mmoja na karatasi ndogo imefungwa mguuni: tarehe, mlima, dume au jike, kwa wino uliofifia na mwandiko wa shule ya masista. Rangi ya kijani ya chozi haifi, hata baada ya miaka sitini, kwa sababu haitokani na wino wowote mwilini, ni umbo la unyoya lenyewe linalovunja mwanga. Nilisogeza droo kidogo kuelekea dirishani na mstari mzima ukawaka.

Kijana mmoja wa kituo akatoa simu. "Mwalimu, huyu umeshamwona?" Kwenye kioo palikuwa na ndege mweusi, jicho limezungushiwa ngozi ya rangi ya chungwa, na juu ya kichwa ushungi wa njano iliyoiva kama embe. Prionops alberti. Kwa karibu miaka 20 hakuna mtafiti aliyekuwa na uhakika kama bado yupo, na alikuwa kwenye orodha ya ndege waliopotea duniani. Kati ya Desemba 2023 na Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso na watafiti Wakongomani wa hapa Lwiro walitembea Itombwe wiki sita, wakamkuta, wakapiga picha zake. Habari ilitangazwa Februari na kuzunguka dunia nzima.

"Wenyeji wa kule walisemaje?" nikauliza.

"Walishangaa tunavyoruka ruka," akasema. "Kwao alikuwa hajapotea."

Jioni tuliwatembelea kasuku. Kituo cha Lwiro kinajulikana kwa sokwe mtu walionyang'anywa kwa majangili, lakini wapo pia kasuku waliokamatwa kwa wafanyabiashara, ndani ya vizimba vikubwa, wengi mabawa yao yamekatwa na manyoya yanachukua muda kuota upya. Mikia myekundu, macho ya njano, piga kelele. Nilimpigia mzee simu nikamsikilizisha. Upande wa pili palikuwa kimya kidogo, kisha akauliza kama wanalishwa mawese. Nikamuuliza mhudumu. Matunda na karanga, akasema, na mawese yakipatikana. Mzee akasema mawese ndiyo yenyewe, nimwambie mhudumu asiwe bahili.

Jumapili. Kurudi

Njiani mdogo wangu amepiga hesabu kwa sauti juu ya pikipiki, akipiga kelele dhidi ya upepo. Kuvuka Rusizi, basi hadi Kigali, Kabale, Ruhija, kiingilio cha parki, kiongozi, malazi: akiuza simu yake na mimi nikiongeza, Desemba anaweza kumwona domo-pana Bwindi kwa mtu mmoja. Kwa Itombwe hesabu ilishindikana. Nauli ya kwenda Mwenga inajulikana, baada ya pale ni miguu, na baada ya miguu ni kuuliza watu.

"Twende wote Bwindi, Yaya. Tukope."

Nilimwambia aende yeye. Nitamwazima darubini, na sweta. Atakapomwona asinitumie picha, anipigie simu aniambie anakaaje tawini, anageuza kichwa vipi, anatoa sauti gani, kwa sababu nikipata siku ya kupanda Itombwe nataka masikio yawe yameshamjua. Mzee amesema ana shemeji upande wa Mwenga anayeijua njia. Nimeandika namba ya simu ya huyo shemeji kwenye jalada la daftari, na Mudaka nimesimama nikamnunulia mama wa mikate jogoo mdogo. Kweli, bei yake ni ya kulia.